Asiyechorwa Hana Kiti

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya kalamu ya risasi na gari. Huenda ukasema ni vitu viwili visivyo na undugu: kimoja mtoto wa shule hukipoteza kila siku, na kingine wengi wetu huishia kukipanda kwa nauli tu. Lakini kwa hakika hakuna gari linalotembea katika mji huu, liwe basi, lori au bajaji, ambalo halikupita kwanza katika ncha ya kalamu ya mtu fulani. Na mtu huyo alipokuwa akichora alikuwa na barabara fulani kichwani mwake, abiria fulani na mzigo fulani. Swali langu ni dogo. Je, alikuwa akikufikiria wewe?

Tuanze na yale tuliyoyapanda wenyewe. Watu wa makamo wa Dar es Salaam wanazikumbuka zile daladala zilizoitwa chai maharage. Zilikuwa ni pikapu zilizotengenezwa nje kwa ajili ya kubeba mizigo, kisha mafundi wetu wakazijengea bodi na kuziwekea mabenchi mawili, abiria wakatazamana uso kwa uso kama wateja wa mgahawa. Baada ya hizo ikaja Toyota Hiace, tuliyoibatiza jina la kipanya. Nyingi ya hizo zilikuja hapa zikiwa zimekwisha kufanya kazi ya kupeleka bidhaa madukani huko Japani. Tukazipachika viti, tukaketi magoti yakiwa kidevuni, na aliyekosa kiti akasimama shingo imepinda kama mtu anayesikiliza siri.

Bajaji nayo ina ukoo wake. Mwaka 1946, Italia ikiwa imetoka vitani, mhandisi wa ndege aitwaye Corradino D'Ascanio aliichorea kampuni ya Piaggio pikipiki ya Vespa. Mwaka 1948 kampuni hiyo ikatoa chombo cha magurudumu matatu kiitwacho Ape, ili mfanyabiashara mdogo wa Italia apate kupeleka mzigo wake sokoni. Kampuni ya Bajaj ya India ikapata leseni ya Piaggio, na baada ya miaka mingi chombo hicho kikafika kwetu kikiwa teksi ya mtu wa kipato cha chini.

Sisemi kwamba ni vibaya kupokea vya wenzetu. La hasha. Nasema tu kwamba ukiifuata nasaba ya kila chombo utakuta mwishoni mtu, meza na karatasi, na katika karatasi ile hatukuwamo. Asiyechorwa hana kiti. Atapanda, ndiyo, lakini atajibanza.

Sasa nieleze kidogo kazi yenyewe, maana redioni hatuna ubao. Gari huchorwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ramani ya fundi. Hapo gari hutazamwa ubavuni, mbele, nyuma na juu, kila upande peke yake, pamoja na vipimo vyake vya milimita. Ramani hiyo ni ya lazima, lakini haisemi na kila mtu. Mpe mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo ramani ya namna hiyo, ataigeuza juu chini akitafuta pa kuanzia. Njia ya pili ni kulichora gari kama jicho linavyoliona barabarani, pembe ya mbele ikiwa karibu na mkubwa wake, mkia ukiwa mbali na udogo wake. Tuuite mchoro wa mtazamo. Kwa mchoro huo mtu humwonyesha mwenzake gari ambalo bado halipo duniani.

Kanuni zake unaweza kuzikagua mwenyewe leo hii. Simama mahali salama kando ya Barabara ya Morogoro pale Fire, utazame upande wa Jangwani. Kingo za barabara unajua hazikutani, lakini jicho lako linaziona zikisogeleana. Nguzo za taa zinalingana urefu, lakini ya mbali inaonekana fupi. Kisha nenda ufukweni Magogoni uitazame bahari kuu, mahali maji yanapokutana na mbingu. Ukiketi mchangani mstari ule unashuka nawe. Ukipanda ghorofani unapanda nawe. Daima uko sawa na macho yako. Mchoraji huanza kwa kuuweka mstari huo wa upeo, kisha huelekeza mistari ya gari kwenye nukta zilizo juu yake, ya ubavu upande mmoja na ya uso upande wa pili. Wataliani walizipanga kanuni hizi katika karne ya 15. Msanifu majengo Filippo Brunelleschi wa Florence alizionyesha kwa majaribio, na Leon Battista Alberti akaziandika kitabuni mwaka 1435.

Kinachowashinda wanafunzi wengi ni gurudumu. Mbele yako ni duara, lakini likigeuka kidogo tu linakuwa kama yai, na yai hilo likikosewa gari zima linaonekana limevunjika ekseli. Ndiyo maana wenye fani hii huchora maelfu ya maduara yaliyolala kabla ya kugusa boneti. Aidha, gurudumu ndiyo rula yao. Katika gari dogo la kawaida, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma hukaa magurudumu matatu hivi. Ukiwa na kipimo hicho, sehemu nyingine zitafuata.

Hapo sasa ndipo ufundi unapogeuka kuwa sanaa, kwa sababu mchoraji wa gari la kubuni hatoi nakala kavu ya macho. Hutia chumvi. Huushusha mstari wa upeo hadi karibu na ardhi, gari likaonekana kama linavyoonwa na mtoto mdogo aliyesimama njiani: kubwa na lenye mabavu. Huzileta karibu zile nukta za upeo, gurudumu la mbele likajaa kama linataka kutoka kwenye karatasi. Mstari wa upande wenye kivuli huukandamiza ukawa mnene, na wa upande wa jua huupitisha kwa wepesi hata ukakaribia kupotea. Kisha hupaka rangi akikumbuka kwamba bati lililong'arishwa ni kioo. Sehemu zinazotazama juu huakisi mbingu, kwa hiyo huachwa nyeupe. Ubavuni chini huakisi ardhi, kwa hiyo hutiwa giza. Kwa mistari michache tu karatasi inaonekana kuwa na chuma ndani yake.

Utauliza, chumvi yote hiyo ya nini? Jibu ni kwamba gari halijengwi na mtu mmoja. Kuna mwenye fedha, mhandisi, fundi wa kuunganisha vyuma na mnunuzi. Wote hao hapana budi waone kitu kimoja kabla ya fedha kutoka mfukoni. Mchoro ndio unaowakutanisha. Kuchora gari vibaya na kulifuta ni hasara ya karatasi moja. Kulijenga vibaya na kulivunja ni hasara ya kiwanda.

Wamarekani walilifahamu jambo hili mapema. Mwaka 1927 kampuni ya General Motors ilimweka Harley Earl kuongoza idara ya sura na rangi za magari. Alizoesha wachoraji wake kuchora kwanza, kisha kulifinyanga gari kwa udongo kabla ya kugusa chuma. Mwaka 1938 idara yake ilitoa Buick Y-Job, gari ambalo halikukusudiwa kuuzwa. Lilitengenezwa ili watu waone magari ya kesho yanavyoweza kuwa, na wengi hulihesabu kuwa la kwanza la aina hiyo.

Nchini Italia kuna habari inayonipendeza zaidi. Giorgetto Giugiaro alizaliwa mwaka 1938 katika familia ya wachoraji wa picha. Akiwa mwanafunzi wa sanaa mjini Turin alichora magari, na michoro yake ikawafikia wakubwa wa kampuni ya Fiat. Mwaka 1955, akiwa na miaka 17, wakamwajiri. Baadaye kijana huyo ndiye aliyechora Volkswagen Golf ya mwaka 1974 na Fiat Panda ya mwaka 1980. Panda aliichora kwa bati na vioo vilivyonyooka bila mikunjo mingi, ili gari liwe rahisi kutengeneza na rahisi kununua. Mkono uleule uliojua kutia chumvi ulijua pia kupunguza gharama.

Hata hivyo, ndugu msikilizaji, nyumba njema si mlango. Mchoro ni ahadi, na ahadi inaweza kuwa ya uongo. Jirani zetu wa Kenya wanalijua hilo. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari la Kenya, hata kama halitakuwa zuri sana. Mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa Kasarani kwa shangwe kubwa. Wahandisi walithibitisha kwamba wanaweza. Lakini kiwanda cha kuyatoa kwa wingi hakikusimama, na mwananchi hakuyapata sokoni. Kati ya gari la maonyesho na gari la dukani kuna mtaji, vipuri, ukaguzi na subira ya miaka mingi, na hayo hayachoreki kwa kalamu.

Uongo wa pili wa mchoro ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani. Ni ule wa kuchora gari bila mtu. Tazama michoro mingi ya magari ya kubuni: barabara ni tupu, inang'aa kama sakafu ya benki, na ndani ya gari hamna abiria. Hamna mama mwenye mtoto mgongoni anayetafuta pa kuweka mguu, wala mzee mwenye mkongojo, wala konda. Ngazi ya basi ikiwa juu mno kwa mama mjamzito, kosa hilo halikuanzia kituoni. Lilianzia mezani, pale mchoraji alipoona kwamba mwili wa mtu unaharibu uzuri wa mistari yake.

Kinyume cha hayo ni mfano wa Ufaransa. Katika miaka ya 1930 Pierre-Jules Boulanger, mkuu wa kampuni ya Citroën, aliwapa wabunifu wake agizo la ajabu. Alitaka gari la mkulima lenye kubeba watu wanne na kilo 50 za viazi, na lenye kupita katika shamba lililolimwa huku kikapu cha mayai kikiwa ndani bila yai kuvunjika. Vita vikaja vikachelewesha kazi, lakini mwaka 1948 Citroën 2CV ilionyeshwa Paris. Watu waliicheka sura yake, kisha wakaipanga foleni. Ilitengenezwa hadi mwaka 1990. Angalia walikoanzia: kwenye yai na mkulima, ndipo wakatafuta sura.

Sisi huku Afrika Mashariki hatukulala kabisa. Hapo Kibaha, katika miaka ya 1980, Serikali ilianzisha kituo cha teknolojia ya magari chini ya jeshi, na lori lake likaitwa Nyumbu, jina ambalo limekuwa la kituo chenyewe. Malori hayo hayakuenea barabarani kama ilivyotarajiwa, lakini elimu ya kubuni chombo kuanzia mwanzo ilipandwa. Uganda nayo, vijana na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walilitoa gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011, na mwaka 2016 likaonyeshwa basi la Kayoola lenye kusaidiwa na nguvu za jua. Na katika mji wetu huu, mwezi Machi 2022, Masoud Kipanya alizindua gari dogo la umeme. Wasomaji wa magazeti wanamfahamu kwa katuni zake, na wasikilizaji wanamfahamu kwa sauti yake redioni. Wapo walioshangaa mchora katuni ana nini na magari. Aliyeisikia habari ya Giugiaro hatashangaa. Mtu aliyezoea kuona kisichokuwapo na kukiweka kwenye karatasi ili wengine wakione, tayari ameshika ncha ya kamba.

Sasa twende Kariakoo, maana ndiko nilikokuwa nakupeleka tangu mwanzo. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia waliopiga kambi mahali hapo. Vita hivyo vilikwisha mwaka 1918, lakini upagazi wa Kariakoo haujaisha. Mizigo ya kutoka kwenye malori kwenda madukani, na ya kutoka madukani kwenda vituoni, mingi ingali inasukumwa kwa nguvu za binadamu juu ya mkokoteni na guta.

Mtazame mwenye mkokoteni. Chombo chake ni ekseli ya gari bovu, matairi mawili yaliyochakaa na mbao zilizopigiliwa misumari. Hakina breki, breki ni visigino vyake. Hakina springi, springi ni kiuno chake. Kwenye mteremko mzigo ndio unaomwongoza yeye. Hana taa wala kioo cha kumwonyesha lori linalokuja nyuma. Jioni anapumzisha mgongo uliofanya kazi ya injini. Nadhani katika vyombo vyote vya mji huu, mkokoteni ndio pekee ambao haukuwahi kukaliwa na mchoraji hata kwa nusu siku. Fundi wa Gerezani aliunda wa kwanza kwa alivyovipata, wa pili akauiga, na hivyo ndivyo tulivyofika hapa.

Nami nasema hapo ndipo gari letu la kubuni lingeanzia. Si kwenye gari la mbio lenye mabawa, bali kwenye chombo cha Kariakoo. Na tuwape vijana agizo kama lile la Boulanger, kwa lugha yetu. Chombo kibebe matenga ya nyanya kutoka kwenye lori hadi mezani kwa muuzaji, na nyanya ya chini kabisa isipasuke. Kipite kwenye kichochoro kilichojaa wateja bila kumkwaruza mtu. Kisimame chenyewe kwenye mteremko mwenyewe akifunga kamba. Kiwe na mota ndogo ya umeme ya kusaidia, au kisiwe nayo, lakini fundi wa Gerezani aweze kukitengeneza kwa vyuma vinavyopatikana Gerezani. Na katika kila mchoro awepo mtu mzima anayekisukuma, akiwa na urefu wake wa kweli, mikono yake na mgongo wake. Mchoro usio na mtu usipokelewe.

Wachoraji wako wapi? Wako mwendo mfupi kwa miguu kutoka sokoni. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, chuo kilichoanza mwaka 1957, iko pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Mtaa wa Bibi Titi Mohamed. VETA iko Chang'ombe. Mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeweka mkondo wa amali katika shule za sekondari. Mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yapo tangu mwaka 2019, na Sabasaba huja kila mwaka. Kinachokosekana ni kuwakutanisha watu wawili ambao hupishana kila siku bila kusalimiana: anayejua ramani ya vipimo na anayejua kuchora kwa mkono huru. Wa kwanza tumemwita mhandisi tukampa heshima. Wa pili tumemwita msanii, tukamwachia mabango ya saluni na ubavu wa daladala. Laiti wangekaa meza moja, na wa tatu akawa mwenye mkokoteni mwenyewe, alipwe kwa siku hiyo ili asipoteze riziki yake, awaambie ni wapi panapomuuma.

Najua wako watakaosema kwamba zama hizi kompyuta inachora kila kitu. Ni kweli kompyuta hupaka rangi haraka na kugeuza gari upande wowote utakao. Lakini haiendi sokoni kuuliza. Tena kalamu ina sifa moja kubwa, nayo ni kwamba haina kiburi. Mchoro wa kalamu ulio mbele ya mpagazi humkaribisha aseme, hapa sogeza, hapa punguza. Picha iliyokamilika, inayong'aa kama gari la tajiri, humnyamazisha.

Wengine watasema kuchora hakuleti ugali. Jibu langu ni kwamba tangu zamani tumekuwa tukilipia michoro ya watu wengine. Kila gari tunaloliagiza, ndani ya bei yake mna ujira wa yule aliyekaa na karatasi akaamua mlango uwe wapi na kiti kiwe kipana kiasi gani. Tunamlipa, wala hajui kwamba tupo.

Basi mzazi, ukimkuta mwanao amechora gari pembeni mwa daftari la hesabu, usikimbilie fimbo. Mwambie amalize hesabu, maana atazihitaji. Kisha muulize maswali mawili. Gari hili litapita wapi? Na nani ameketi ndani? Akishindwa kujibu, mtume Kariakoo akaangalie vizuri, kisha arudi achore tena.